Video Zinatazamwa, Pesa Hazionekani: Utatuzi wa Matatizo ya Mapato kwa Watengeneza Video wa Arusha na Moshi

Malalamiko ya watengeneza video wa Arusha na Moshi yanafanana kiasi kwamba mmoja akianza kueleza, mwenzake anaweza kummalizia. Kijana wa Ngarenaro anasema chaneli yake ina watazamaji wengi lakini benki hajaona hata senti. Kwaya ya Moshi inashangaa kuona nyimbo zake yenyewe zimedaiwa na kampuni isiyoijua. Mpiga video za harusi wa Sakina analalamika kwamba kazi aliyoipiga kwa siku nzima inawaingizia watu wengine pesa. Karibu wote huanza kwa kupakia video nyingine wakitumaini kwamba hii ndiyo itakayolipa, ilhali kasoro haipo kwenye video.

Pesa ya matangazo hupita mahali pengi kabla ya kufika mfukoni: chaneli ikubaliwe, video iruhusiwe kubeba matangazo, mtazamaji awe mtu ambaye mtangazaji anamtafuta, akaunti ya malipo ithibitishwe, kisha benki ipokee. Mkulima wa Machame anayeona migomba inanyauka hupanda kuufuata mfereji mpaka aone ulipozibwa, na ndivyo mwongozo huu ulivyopangwa. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unafanywa kabla ya hatua nzito. Sehemu kubwa inahusu YouTube, kwa kuwa ndiko mtu wa Tanzania anakogawiwa mapato ya matangazo kwa utaratibu unaoeleweka. Fanya ukaguzi kwenye kompyuta, hata kama ni ya kuazima, kwa sababu baadhi ya mipangilio haionekani kwenye programu ya simu.

Dalili: “Nimefikisha vigezo, lakini kitufe cha kuomba hakifunguki”

Kipimo kamili cha kuingia Mpango wa Washirika wa YouTube ni wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12 iliyopita. Badala ya saa hizo, unaweza kutumia video fupi za YouTube, yaani Shorts, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Zingatia maneno “miezi 12 iliyopita”, kwa maana dirisha hilo husogea kila siku, na saa ulizozipata siku kama ya leo mwaka jana zinadondoka wakati mpya zinaingia.

Sababu inayoongoza ni kuchanganya hesabu mbili. Ukurasa wa takwimu unaweza kuonyesha saa 5,200, huku ukurasa wa mapato ukionyesha 1,900, na mwenye chaneli akadhani ameibiwa. Tofauti hiyo kwa kawaida ni saa za Shorts zilizotazamwa kwenye mfululizo wa Shorts, ambazo hazihesabiwi katika zile 4,000. Namba ya kuamini ni ya ukurasa wa mapato.

Sababu ya pili ni video zilizofutwa au kufichwa. Wapo wanaosafisha chaneli kabla ya kuomba, wakafuta video za zamani zenye ubora mdogo, na saa za video hizo zikaondoka nazo. Laivu iliyofichwa baada ya kumalizika nayo huondoka na saa zake, na saa zilizotokana na kuitangaza video kwa kulipia hazihesabiwi.

Baada ya hapo angalia mambo madogo: uthibitishaji wa hatua mbili wa akaunti ya Google uwe umewashwa, chaneli isiwe na onyo hai la kukiuka kanuni za jumuiya, na nchi ya chaneli iwe Tanzania. Vijana wengi wa hapa walikopi maelekezo ya mtu wa nje na kuweka Marekani wakiamini kwamba watalipwa zaidi. Hawalipwi zaidi, kwa kuwa bei ya tangazo hufuata aliko mtazamaji.

Ipo pia ngazi ya chini iliyoanzishwa Juni 2023 katika nchi zilizochaguliwa, ya wafuatiliaji 500 na saa 3,000. Hiyo hufungua michango ya mashabiki na baadhi ya huduma za mauzo, haigawi pesa ya matangazo. Anayekupongeza kwamba “tayari unalipwa” kwa kufika 500 hajasoma masharti.

Onyo: usinunue saa wala wafuatiliaji, na usijiunge na makundi ya WhatsApp ya “nifuatilie nikufuatilie”. Sababu zake zimeelezwa chini, kwenye dalili ya mapato yaliyofutwa.

Dalili: “Niliomba, nikakataliwa”

Ombi kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Likikataliwa, jibu hutaja sera iliyovunjwa, na mara nyingi sera hiyo ni ya maudhui yaliyotumiwa tena: vipande vya mechi ya Simba na Yanga vilivyorekodiwa kwenye runinga, video zilizopakuliwa TikTok zikaunganishwa, au vichekesho vya watu wengine vilivyowekewa muziki. Jamaa yake wa karibu ni maudhui ya kurudiarudia, ambayo tangu Julai 15, 2025 yanaitwa maudhui yasiyo halisi. Hapa ndipo zinapoangukia chaneli zinazosoma habari kwa sauti ya kompyuta juu ya picha zilezile, video ishirini kwa wiki, zote zikiwa na umbo moja.

Wakaguzi hawatazami kila video. Hutazama mada kuu ya chaneli, video zinazotazamwa zaidi, zile mpya, zenye saa nyingi, na maelezo uliyoandika. Kwa hiyo anza na video kumi zinazoongoza, ukijiuliza juu ya kila moja: je, mgeni angejua kwamba wewe ndiye uliyeitengeneza? Sauti yako, uso wako, uchambuzi wako au picha ulizopiga mwenyewe ndivyo vinavyojibu swali hilo. Sentensi ya “sina umiliki wa video hii” chini ya video haijibu chochote, ingawa wengi wanaiona kama hirizi.

Unaweza kukata rufaa ndani ya siku 21, ukiambatanisha video fupi inayoonyesha jinsi unavyotengeneza kazi zako. Kwa mtu ambaye kweli anapiga na kuhariri mwenyewe, hii ndiyo njia bora, kwa maana kuonyesha kamera, meza ya kuhariri na faili zisizohaririwa humaliza ubishi. Asiye na ushahidi huo arekebishe chaneli kwanza, kisha aombe upya baada ya siku 30. Akikataliwa tena, kusubiri huwa siku 90, ndiyo maana kuomba kwa pupa kunagharimu.

Sababu isiyotokea sana, lakini inayosumbua, ni akaunti mbili za AdSense, huduma ya Google inayolipia pesa za matangazo, kwa jina moja. Mtu alifunguliwa ya kwanza na fundi wa stesheneri miaka kadhaa iliyopita, akaisahau, kisha akafungua nyingine. Google inamruhusu mtu mmoja akaunti moja. Itafute ile ya zamani katika barua pepe zako zote, uifunge, ndipo uunganishe mpya. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kuwa na akaunti hiyo kwa jina lake. Mwanafunzi wa sekondari anayetengeneza video anahitaji mzazi au mlezi aliye tayari kupokea malipo kwa jina lake, na wakubaliane mapema pesa hizo ni za nani.

Dalili: “Dola zinaonekana kwenye simu, benki hakuna kitu”

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi, na kwa bahati nzuri karibu sababu zake zote zinatibika.

Angalia kalenda kwanza. Mapato ya Januari hukamilishwa kati ya tarehe 7 na 12 Februari, kisha hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 Februari. Kabla ya hapo unachokiona ni makadirio, nayo yanaweza kupungua. Angalia pia kizingiti: malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Chaneli inayoingiza dola 12 kwa mwezi italipwa mara moja kwa miezi tisa, na hakuna kilichoharibika.

Ukishavuka hapo, mshukiwa mkuu ni barua ya PIN. Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya tarakimu sita ili kuthibitisha anwani yako. Kwa kawaida inachukua wiki mbili hadi nne, nawe una miezi minne tangu PIN ya kwanza ilipotengenezwa kuiingiza namba hiyo, la sivyo matangazo yanasimamishwa. Sasa, fomu ya Google imeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo tarishi anapita nyumba kwa nyumba. Kijana wa Kijenge anajaza “nyuma ya shule, karibu na duka la mangi”, na barua inazunguka mpaka inapotelea. Huku kwetu barua hufika kwenye sanduku, kwa hiyo mstari wa kwanza wa anwani uwe S.L.P. na namba yake, mstari wa pili uandike mwenye sanduku ikiwa si lako, mji uwe Arusha au Moshi, na msimbo wa posta uwe sahihi: ya Mkoa wa Arusha huanza na 23, ya Kilimanjaro na 25. Sanduku la shule, kanisa, msikiti au ofisi ya mjomba linafaa kabisa, mradi anayechukua barua amejulishwa jina lako. Bila kujulishwa ataiona bahasha nyepesi yenye jina asilolijua, na ataiweka juu ya kabati pamoja na ankara za mwaka juzi.

Kabla ya kuomba PIN nyingine, nenda kaulize posta. Kwa Arusha Mjini ni ile iliyo karibu na Mnara wa Saa. Ukiomba tena na tena na barua zisifike, mfumo hatimaye hukupa njia ya kupakia kitambulisho. Hapo jina la akaunti lifanane na la kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Aliyejisajili kwa jina la kisanii ndipo anapokwama.

Sababu inayofuata ni benki. Jina la akaunti ya malipo na la akaunti ya benki yasipolingana, uhamisho unaweza kurudishwa. Namba ya SWIFT, inayoitambulisha benki kimataifa, ikikosewa, pesa inaweza kutangatanga. Ichukue kutoka tawini au kwenye tovuti rasmi ya benki. Ya CRDB ni CORUTZTZ na ya NMB ni NMIBTZTZ. Ukipokea kwenye akaunti ya shilingi, benki itabadilisha kwa bei yake ya siku hiyo, kwa hiyo linganisha kabla ya kuamua kama akaunti ya dola inakufaa. Benki za katikati nazo hukata ada kwa kila uhamisho. Wenye mapato madogo hupunguza makato hayo kwa kupandisha kizingiti chao wenyewe kwenye mipangilio ya malipo, kwa mfano dola 300 badala ya 100, ili pesa ije mara chache ikiwa nzito.

Simama hapa: ikiwa AdSense inaonyesha kwamba malipo yametumwa na siku 15 za kazi zimepita, usiendelee kubadilisha taarifa za benki. Pakua stakabadhi ya malipo, uende nayo tawini, uombe idara ya uhamisho wa kimataifa iifuatilie. Kubadilisha akaunti wakati pesa iko njiani huongeza fumbo juu ya fumbo.

Dalili: “Wamenikata pesa nyingi kuliko walivyosema”

Ikiwa makato yanakaribia robo ya mapato yote, hukujaza fomu ya kodi ya Marekani. Tangu 2021 Google, ikiwa kampuni ya Marekani, inalazimika kuzuia kodi kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko nchini humo. Asiyetoa taarifa zake anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Aliyejaza fomu ya W-8BEN hukatwa kwenye sehemu ya Marekani peke yake. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo.

Chukua mfano wa chaneli iliyoingiza dola 200, ambazo kati yake 30 zimetoka kwa watazamaji wa Marekani. Bila fomu, makato yanaweza kufika dola 48. Ikiwa fomu imejazwa ni dola 9. Kuijaza ni kazi ya nusu saa, wala huhitaji kumlipa mtu. Fomu hii huisha muda wake baada ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo aliyeijaza zamani na akaona makato yamepanda ghafla ajue kwamba imefika wakati wa kuijaza upya. Aliyesajili kampuni hutumia fomu tofauti, na hapo ni busara kumwona mshauri wa kodi.

Kodi ya Marekani haifuti wajibu wako kwa TRA. Mapato ya video ni mapato kama mengine, na mwenye TIN asiyeyatamka hujiwekea deni.

Dalili: “Chaneli inalipwa, lakini video hii haileti kitu”

Tazama alama ya dola iliyo mbele ya video husika. Ikiwa ya kijivu, matangazo hayajawashwa. Hili huwapata sana waliokubaliwa karibuni: wanadhani kukubaliwa kumewasha video zote, kumbe zile za zamani zinahitaji kuchaguliwa na kuwashwa. Utazamaji wa kabla ya kukubaliwa haulipwi hata baada ya hapo.

Ikiwa kuna dai la hakimiliki, jua kwanza kwamba dai si onyo. Dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo zilizosajiliwa, kwa kawaida huelekeza mapato ya video hiyo kwa mwenye wimbo, basi, na chaneli inabaki salama. Onyo ni jambo jingine: maonyo matatu ndani ya siku 90 huifunga chaneli.

Video za harusi na send-off ndizo zinazoongoza kwa madai, kwa kuwa MC amepiga nyimbo ishirini za watu na kamera imezinasa zote. Kuna mpiga video aliyeniletea send-off ya saa tatu yenye madai kumi na moja. Tulipoifungua, maneno ya wazazi wa pande zote mbili, yaani sehemu ambayo ndugu waliinunulia bando ili waitazame, hayakuwa na dai hata moja. Alitakiwa kuikata hiyo na kuipakia peke yake. YouTube Studio inakuruhusu pia kukata kipande, kunyamazisha wimbo au kuubadilisha kwa ule wa Maktaba ya Sauti bila kupakia upya. Kwa anayerekodi shughuli mara kwa mara, dawa ya kudumu ni kuchukua sauti ya maikrofoni ya MC kwa waya wake yenyewe, iwe mbali na muziki. Na maharusi wakubali kwa maandishi kwamba video itawekwa hadharani.

Tatizo la kwaya ni la aina yake. Kwaya hupeleka albamu kwa msambazaji wa kidijitali ili nyimbo zifike kwenye programu za muziki, na msambazaji husajili nyimbo hizo kwenye Content ID. Kwaya inapopakia video ya wimbo wake, mashine inaudai kwa niaba ya msambazaji huyohuyo. Usianze kwa kupinga dai. Mwandikie msambazaji, umpe anwani ya chaneli, na uombe iwekwe kwenye orodha ya chaneli zinazoruhusiwa. Kisha angalia mkataba, kwa maana wapo waliotia sahihi ya kumpa msambazaji mapato ya YouTube bila kujua.

Ukipinga dai, mdai ana siku 30 za kujibu. Ukipinga ndani ya siku tano za kwanza, mapato hushikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai badala ya kwenda kwake. Simama kabla ya kutuma arifa ya kupinga baada ya video kuondolewa kwa onyo. Arifa hiyo ni hati ya kisheria, jina na anwani yako hupelekwa kwa mdai, na yeye hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua shauri. Wakili aisome kwanza.

Alama ya njano maana yake ni matangazo machache au hakuna kabisa, hasa kwa matusi, damu na picha za ajali. Omba ukaguzi wa binadamu ikiwa unaamini kuwa mashine imekosea. Mwisho, angalia kama video imewekwa kuwa ya watoto: alama hiyo huzima komenti na matangazo yanayomlenga mtazamaji, na mapato hupungua. Vichekesho vya watu wazima vyenye mtoto mmoja kwenye kijipicha si lazima viwe video ya watoto, lakini hadithi za katuni ndivyo zilivyo, na kudanganya hapo ni kosa kubwa kuliko hasara unayoikwepa.

Dalili: “Watazamaji laki tatu, pesa ya vocha”

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtangazaji hulipia mtazamaji anayeweza kununua bidhaa yake, na wanaotangaza kwa ajili ya watazamaji wa Kiswahili bado ni wachache na hulipa kidogo. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu. Asilimia 55 ya kidogo hubaki kidogo.

Kagua kwanza kama utazamaji huo ni wa Shorts. Pesa ya matangazo ya Shorts hukusanywa pamoja, na mwenye video hupata asilimia 45 ya fungu analopangiwa. Ukitumia wimbo mmoja, nusu ya pesa inayohusishwa na utazamaji wako huenda kwanza kulipia muziki. Ukitumia nyimbo mbili, kwenye fungu la watengeneza video hubaki theluthi moja. Shorts huleta watu kuliko pesa.

Kagua urefu. Matangazo ya katikati huruhusiwa kwa video za dakika 8 na kuendelea, kwa hiyo video ya dakika 7 na nusu inaacha pesa mezani. Hata hivyo, kuirefusha kwa salamu na muziki hufukuza watazamaji, na hasara inazidi faida. Kagua mwezi pia: watangazaji hutumia sana fedha kuelekea Desemba, na Januari hushuka kila mwaka, hata kwa chaneli kubwa za Ulaya.

Kisha fungua takwimu za nchi, ukurasa ambao wengi hawajawahi kuufungua. Eneo letu lina jambo ambalo mikoa mingi haina: watu wa Ujerumani, Uingereza na Marekani wanautafuta Mlima Kilimanjaro wakiwa bado sebuleni kwao. Video ya dakika kumi inayoonyesha geti la Machame asubuhi, wagumu, yaani wapagazi, wakipanga foleni kupimiwa mizigo isiyozidi kilo 20, kiongozi akieleza nani anabeba hema na nani anabeba jiko, inaweza kutazamwa na watu elfu tano na kuzidi kwa mapato kichekesho kilichotazamwa na elfu hamsini. Maelezo yabaki Kiswahili ikiwa ndiyo lugha ya wahusika. Maandishi ya chini ya Kiingereza au Kijerumani yanatosha kumshika mgeni. Lakini upigaji wa video za biashara ndani ya hifadhi ya taifa unahitaji kibali cha TANAPA, na droni inahitaji ruhusa yake, pamoja na usajili wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kunyang’anywa kifaa getini ni hasara ambayo hakuna tangazo litakaloifidia.

Dalili: “TikTok yangu ina milioni moja, silipwi”

Mpango wa TikTok wa kulipa kwa utazamaji unafanya kazi katika nchi chache zilizoorodheshwa, na Tanzania haimo. Hakuna mpangilio wa kurekebisha. Wanaouza akaunti za Uingereza wanakuuzia kitu kinachoweza kufungwa siku ya kutoa pesa, kwa kuwa utambulisho wako na nchi ya akaunti havikubaliani. TikTok kwa mtu wa hapa ni mahali pa kujulikana na wateja.

Dalili: “Mapato yalikuwepo, yamefutwa”

Ujumbe wa trafiki batili humaanisha kwamba Google imeona mibofyo au utazamaji usio wa kweli. Sababu za kawaida ni kubofya matangazo yako mwenyewe, kuwaomba ndugu “wayabofye kusaidia”, makundi ya kutazamana, na utazamaji wa kununua. Acha yote mara moja, na usijaribu kufidia kwa njia nyingine ya mkato. Akaunti ya AdSense ikifungwa kwa sababu hii, kufungua nyingine kwa jina la mdogo wako kunamwingiza naye kwenye tatizo.

Ikiwa chaneli imebadilika jina au inaonyesha laivu ya sarafu za kidijitali usiyoijua, imeibiwa, mara nyingi kupitia faili la “mkataba wa udhamini” lililokuja kwa barua pepe. Tumia utaratibu rasmi wa YouTube wa kurejesha chaneli. Usimpe nenosiri “mtaalamu” yeyote; anayehitaji kukusaidia umpe nafasi ya mhariri au msimamizi ndani ya YouTube Studio, nafasi unayoweza kuifuta.

Dalili: “Hoteli iliniita, video imetoka, malipo hayaji”

Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa kubwa ya mtengeneza video wa Arusha na Moshi ilipo: hoteli, kampuni za utalii, maduka, shule. Tatizo ni kwamba makubaliano hufanyika kwa mdomo. Kagua ulichonacho: ujumbe wa WhatsApp unaotaja kiasi na tarehe ni ushahidi, kimya cha “tutaongea” si ushahidi. Tuma ankara yenye TIN yako hata kama umechelewa, kwa sababu mhasibu wa kampuni hawezi kulipa bila karatasi, na mara nyingi anayekuzungusha si mwenye hoteli, ni faili lisilokamilika.

Ukipokea pungufu kidogo, uliza kabla ya kulalamika. Tangu Julai 2024 mlipaji wa ndani anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya mtengeneza maudhui ya kidijitali. Dai cheti cha makato hayo, kwa kuwa utakitumia TRA. Bei iandikwe kwa shilingi; kanuni za 2025 zinakataza kutoza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Kwa kazi inayofuata, chukua nusu kabla ya kupiga picha, na usikubali “kulala siku mbili bure” kuwa malipo ikiwa kodi ya chumba chako inalipwa kwa pesa taslimu. Weka alama ya udhamini kwenye mipangilio ya video.

Mambo mawili yakitokea, usiendelee peke yako. Deni likiwa kubwa na mteja ameacha kupokea simu, mwone wakili aandike barua ya madai kabla hujaanza kumtangaza mtandaoni, kwa maana maneno ya hasira yanaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Na chaneli yako ikianza kurusha habari na matukio kama kituo cha runinga, nenda kwanza ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya Kanda ya Kaskazini, iliyoko Arusha, uulize juu ya leseni chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 pamoja na marekebisho yake. Ukiwa tayari umepokea barua ya wito kutoka kwao, usifute video yoyote wala usijibu kwa simu. Ichukue barua jinsi ilivyo, pamoja na nakala za video zinazotajwa, umpelekee wakili siku hiyohiyo.